Karatasi ya habari za mtaa mkongwe: kaya 400, toleo moja kwa mwezi. Tuanzeje?

Karani wa Mtaa

Wakuu, habari za humu. Kamati ya mtaa wetu imeamua kutoa karatasi ya habari kila mwezi. Mtaa ni mkongwe, katikati ya jiji: vichochoro vyembamba, nyumba za mawe na chokaa za ghorofa mbili tatu, nyingi zimeshagawanywa vyumba vya kupangisha. Kaya ni kama 400. Wazee wengi hawana simu janja, na wapangaji wapya hawajui hata mwenyekiti anakaa wapi. Kundi la WhatsApp lipo, lakini tangazo la kukatika maji linazama chini ya salamu za asubuhi kabla saa haijaisha.

Tunayo printa ya leza, nyeusi na nyeupe, inayochukua A4 tu. Toleo la kwanza litangaze mambo matatu: kuzibua mtaro mkuu kabla ya mvua, matembezi ya kuutazama mtaa na majengo yake, na jioni ya picha za zamani ambapo watu wataleta albamu zao. Tunataka pia ubao wa matangazo kwenye ukuta wa nyumba moja ya kona. Mwenye nyumba ameshakubali.

Maswali: karatasi iwe ya ukubwa gani, ratiba ya uhariri ipangwe vipi, na inafikaje kwa kila kaya? Na kwenye hizo shughuli, nini huwa kinaharibika?

Wino Mweusi

Kwa printa hiyo, tumia A4 iliyokunjwa katikati, upate kurasa nne za A5. Kaya 400 ni karatasi 400. Ongeza 25 za ubao, kumbukumbu na wageni, na 20 za kukwama na kupinda. Rimu moja ya karatasi 500 inatosha na kubaki.

Kinachowachanganya wengi ni mpangilio wa kurasa. Laza karatasi: upande wa kwanza una ukurasa wa 4 kushoto na wa 1 kulia, upande wa pili una wa 2 kushoto na wa 3 kulia. Ukichapa pande mbili kwa mpigo, chagua kugeuza kwa ukingo mfupi. Ukiacha ukingo mrefu, kurasa za ndani zitatoka kichwa chini. Chapa nakala moja, ikunje, isome mwanzo hadi mwisho, ndipo uruhusu nyingine zitoke. Kama printa haigeuzi yenyewe, chapa upande wa kwanza wa zote, ziache zipoe na zinyooke, zipepete ili zisishikane, kisha zirudishe 50 kwa 50. Karatasi ikitoka kwenye leza huwa ya moto na imejikunja kidogo. Ukiirudisha hapo hapo inakwama.

Karatasi iwe ya gramu 80. Nyepesi kuliko hiyo hupitisha kivuli cha picha ya nyuma, na za gramu 120 kwenda juu hazilali vizuri zikikunjwa kwa mkono. Kunja tano tano, pitisha rula juu ya mkunjo. Wino wa leza ni unga ulioyeyushwa juu ya karatasi, kwa hiyo hupasuka na kubanduka pale karatasi inapokunjwa. Usiweke picha wala eneo jeusi juu ya mstari wa kati.

Maandishi yawe fonti 11.5, pambizo milimita 15. Ukurasa mmoja wa A5 unabeba maneno 280 hivi. Ukitoa kichwa cha gazeti, picha na kalenda, toleo zima linabakiwa na kama maneno 900. Mtu akikuletea risala ya maneno 700, mrudishie akaipunguze mwenyewe. Ukiikata wewe utakuwa na ugomvi mpaka toleo la sita.

Kwa wenye macho hafifu huhitaji kupanga upya. Chapa kila ukurasa wa A5 kwenye A4 nzima, yaani ukuze asilimia 141, na fonti 11.5 inakuwa 16. Tayarisha seti 30 za namna hiyo, karatasi zake ukizihesabu mbali na ile rimu ya kwanza.

Picha ya upana wa sentimita 8 inataka pikseli kama 950. Printa ya leza huzidisha weusi, kwa hiyo ipunguzie giza kwenye kompyuta hadi ionekane imepauka kidogo kwenye skrini. Uso uliopigwa ukiwa kivulini utatoka doa jeusi hata ufanyeje. Chagua picha nyingine.

Pita Mlango

Wino amemaliza ya mashine. Mimi nijibu ya watu, maana ndiko karatasi za mitaa zinakofia.

Ratiba ipangeni kwa kurudi nyuma. Tuseme inagawiwa Jumamosi. Kuchapa ni Alhamisi, ili Ijumaa ibaki kwa ajili ya printa kugoma. Jumatano mtu wa pili, ambaye hakuandika chochote, anasoma yote kwa sauti. Jumatatu na Jumanne ni kuhakikisha habari. Mwisho wa kupokea ni Jumatano ya wiki iliyotangulia, na tarehe hiyo iandikwe ndani ya kila toleo, mahali palepale.

Kalenda ina mtego wake. Toleo likitoka tarehe 1, shughuli ya tarehe 3 haina muda wa kusikika, na toleo lililopita lilikuwa limeishia tarehe 30. Kwa hiyo kila toleo litangaze kuanzia siku ya saba baada ya kutoka hadi siku ya saba baada ya toleo lijalo. Kinachoangukia wiki ya mwanzo kiwe kimeshatajwa mwezi uliopita.

Ndani ya karatasi pasiwe na "kesho", "wiki ijayo" wala "hivi karibuni". Andika siku, tarehe na mwezi, na uhakikishe siku inalingana na tarehe. Kosa hilo ndilo linalojirudia kuliko yote, kwa sababu watu hunakili tangazo la zamani na kubadilisha namba tu. Saa nayo iandikwe na sehemu ya siku: "saa 2:00 asubuhi". Ukiandika "8:00" peke yake, wengine watakuja asubuhi na wengine mchana, na wote watakuwa wamesoma sawasawa.

Habari ya kukatika maji au umeme inatoka kwa mamlaka husika, siyo kwa "nimesikia". Andika nani kasema na tarehe aliyosema. Ya msiba iwe na ridhaa ya familia. Ya wizi iseme kilichotokea na wapi, bila kumtaja mtuhumiwa, hata kama mtaa mzima unamtaja. Picha ya mtoto haitoki bila idhini ya mzazi. Na msitangaze kwamba fulani amesafiri kwenda matibabuni miezi miwili: hilo ni tangazo la nyumba tupu.

Ugawaji: msihesabu milango. Kwenye nyumba za zamani zilizogawanywa, mlango mmoja wa mbele unaweza kuwa na kaya sita, mbili zikiwa uani ambako mgeni hafiki. Pandeni kila ngazi mara moja, muandike orodha ya ghorofa na uani, kisha mgawanye njia za kaya 40 hadi 50 kwa mgawaji mmoja. Kwa kaya 400 ni watu tisa hivi, kila mmoja na furushi lililokwisha kuhesabiwa na orodha ya njia yake juu yake. Karatasi isukumwe ndani kabisa. Ikibaki nusu nje kwa siku mbili, inamwambia kila mpita njia kwamba humo hamna mtu.

Mgawaji huyohuyo ndiye mwandishi wenu. Anapogawa anauliza, na anarudi na kipande cha karatasi: bomba linavuja kichochoro gani, nani amepata mjukuu, darasa la kushona limehamia wapi. Karatasi inayoandikwa na watu watatu mezani huishiwa habari kwenye toleo la nne, ndipo inaanza kujazwa nasaha.

Mtaa wa Pili

Pita Mlango, nakubaliana na mengi isipokuwa kuifanya karatasi iwe chombo pekee. Maji yanakatwa kwa taarifa ya siku moja. Toleo la mwezi halisaidii hapo. Gawanyeni kundi la simu mara mbili: moja la matangazo ambamo wasimamizi tu ndio wanaoandika, jingine la soga. La matangazo lisizidi ujumbe mmoja kwa siku, la sivyo watu watalinyamazisha. Toleo la mwezi lipandisheni kama faili la PDF chini ya megabaiti 1. Picha ya karatasi iliyopigwa mezani na kivuli cha mkono wa mpigaji haisomeki.

Pita Mlango

Sawa, hilo nalipokea. Niongeze tu kwamba marekebisho ya kosa yatoke palepale kosa lilipotokea. Lililokosewa kwenye karatasi lisahihishwe kwenye karatasi, ukurasa uleule, maana wengi walioisoma hawamo kwenye kundi.

Chokaa

Kuhusu ubao, angalieni huo ukuta kabla hamjatoboa.

Ukuta wa mawe na chokaa hupumua: unyevu unaingia na kutoka kupitia kwenye chokaa. Msiuzibe kwa saruji wala rangi ya plastiki ili "kutengeneza sehemu safi ya ubao". Saruji ni ngumu na haipitishi unyevu kama chokaa, kwa hiyo maji yanabaki nyuma yake, chumvi zinajikusanya, na baada ya misimu michache lipu ya pembeni inaanza kumumunyuka kama unga. Watu husema chokaa imezeeka, kumbe kosa ni kile kiraka.

Toboeni kwenye maungio, siyo kwenye jiwe. Ungio huzibwa tena kwa chokaa siku ubao ukiondolewa. Jiwe lililopasuka halirudi. Zimeni kishindo cha drili, yaani izunguke tu bila kugonga, muanze na ncha nyembamba. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Chuma cha kawaida kikipata kutu huvimba, na kile kinachovimba ndani ya ukuta laini huupasua. Nyuma ya ubao wekeni vipande vya mbao vya sentimita 2 ili hewa ipite.

Ubao mzuri una mlango wa kioo au plastiki ngumu na kufuli, pamoja na matundu madogo upande wa chini. Bila matundu, mvuke unaganda ndani ya kioo na karatasi zinajikunja. Katikati ya ubao iwe kama mita 1.4 kutoka chini, na pasiwe na ngazi wala mtaro mbele yake, ili mwenye kiti cha magurudumu asogee. Elekezeni mbali na jua la mchana. Kilichochapwa kwa leza hakichujuki kikilowa, ila cha printa ya wino wa maji kinaweza kuchujuka. Na mtu mmoja awe na ufunguo na siku maalumu ya kubandua yaliyopitwa na wakati. Ubao wenye tangazo la miezi mitatu iliyopita hausomwi tena, hata likiwepo jipya pembeni yake.

Msiruhusu gundi wala bango kwenye ukuta wenyewe. Likibanduliwa linaondoka na ngozi ya chokaa.

Toroli

Nije kwenye mtaro, maana hapo ndipo pana hatari ya kweli.

Fanyeni hesabu ya tope kwanza. Mtaro wa upana wa sentimita 40, wenye tope la sentimita 15, kwa urefu wa mita 60, una mita za ujazo 3.6. Tope bichi lina uzito wa tani 1.6 hadi 2 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo mna tani sita au saba za kuhamisha. Toroli lisijazwe zaidi ya lita 35, ambazo tayari ni kilo 60 hivi; hiyo ni kama safari 100. Toroli nne, safari 25 kila moja, dakika nane kwenda na kurudi, ni saa tatu na dakika ishirini bila kupumzika. Ndiyo maana tangazo la "tutamaliza kwa saa moja" huacha mtaro nusu na chungu za tope barabarani. Kama usafiri wa kuliondoa tope haujathibitishwa, ahirisheni. Tope lililoachwa ukingoni linarudi mtaroni na mvua ya kwanza, tena limechanganyika na takataka za juu.

Anzeni kwenye mdomo wa chini, mtaro unakomwagia, mpande kuelekea juu. Mkianzia juu, maji mnayoyafungulia yanakusanyika mahali ambapo bado pameziba na kuingia nyumba za chini. Pale mdomoni wekeni wavu wa kukamata plastiki, na mwisho mpitie tena eneo la chini kwa dakika chache kuondoa kilichoshuka.

Msichimbe kupita sakafu ya mtaro. Nyumba nyingi za zamani zina misingi mifupi, na mtaro unapita ubavuni mwake. Koleo likianza kutoa udongo mgumu wa rangi tofauti, au mawe yaliyojengwa, simameni hapo. Kuongeza kina ni kuufunua msingi.

Mifuniko ya zege inyanyuliwe na watu wawili kwa mitaimbo, vidole visiingie chini yake kamwe. Sehemu iliyofunikwa ndefu mtu haingii hata kichwa: hewa mbaya ya humo humwangusha mtu bila onyo, na anayemfuata kumwokoa huanguka pia. Hapo ni kazi ya watu wenye vifaa. Kila anayegusa tope awe na buti za mpira na glavu nene, na mwenye kidonda abaki kwenye toroli au kwenye kuandikisha majina. Penye panya pana hatari ya homa ya mgunda, ugonjwa wa mkojo wa panya unaopita kwenye ngozi yenye mchubuko; misumari na vioo vinaleta pepopunda. Kila mtu anawe kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kula. Watoto wafagie vichochoro, mbali na mtaro.

Kwenye tangazo andikeni vifaa kwa idadi: koleo 8, reki 4, toroli 4, mitaimbo 2, magunia 60. "Njooni na vifaa" huleta mafagio thelathini.

Karani wa Mtaa

Nashukuruni sana. Hesabu ya tope imetushtua, tutaugawa mtaro siku mbili. Bado matembezi na picha. Vichochoro vyetu watu wawili hupishana kwa shida.

Negativu

Kwa vichochoro hivyo, kundi lisizidi watu 20. Wakizidi, gawa makundi mawili yanayopishana kwa nusu saa. Kilomita 1.5 inatosha. Kundi hutembea kama kilomita 3 kwa saa, kwa hiyo mwendo ni dakika 30. Vituo vinane vya dakika tano ni 40. Dakika 20 zilizobaki zitaliwa na kusubiriana, na jumla ni saa moja na nusu. Mmoja abaki mkiani, na anayeongoza asifungue mdomo kabla mkia haujafika. Vituo viwe kwenye kivuli, pasipo mlango wa mtu. Anayeongea ndiye atazame jua, wasikilizaji walipe jua mgongo. Ombeni ruhusa kwa kila nyumba mtakayosimama mbele yake, na msitaje ipi ni tupu.

Jambo moja kuhusu miaka: tarehe iliyochongwa juu ya mlango inaweza kuwa ya ukarabati, au mlango wenyewe umetoka nyumba nyingine. Semeni "mlango una mwaka fulani" badala ya "nyumba ilijengwa mwaka fulani", mpaka hati ionekane.

Picha: msizichukue kwenda nazo. Skana iwe palepale ukumbini, mwenye picha asubiri na aondoke nayo. Picha ikilala kwa kamati usiku mmoja, tayari mna deni. Nukta 600 kwa inchi zinatosha kwa picha ya kawaida. Ya sentimita 10 kwa 15 inatoa pikseli 2362 kwa 3543, na faili la TIFF (picha isiyobanwa) la rangi linakuwa megabaiti 25 hivi. Picha 200 ni gigabaiti 5, kwa hiyo nafasi si tatizo. Wekeni nakala mbili kwenye vifaa viwili, nyumba mbili tofauti. Negativu, yaani zile filamu za kamera za zamani, za milimita 35 zinahitaji nukta 2400 au zaidi, na skana yenye taa ya juu. Ya kawaida ya ofisini itawapa giza tu. Picha za rangi nazo skani kwa rangi hata kama zimepauka, na za nyeusi na nyeupe vilevile, kwa sababu maandishi na madoa yake husaidia kukadiria umri.

Kasi ya kweli ni picha 20 hivi kwa saa, mkijumlisha mahojiano. Kwa hiyo mtu mmoja kwenye skana, na mwingine kwenye daftari: namba ya picha, nani wamo kutoka kushoto kwenda kulia, wapi, lini, nani amesema, na mwenyewe ameruhusu ichapwe au itunzwe tu. Hilo la mwisho liwe na saini. Mwaka usiojulikana uandikwe "miaka ya 1960" au "kabla ghorofa ya pili haijajengwa", wala msilazimishe namba. Watu wawili wakitofautiana, andikeni kauli zote mbili.

Picha zilizogandamana kwenye albamu au kwenye kioo cha fremu msizivute. Skani ukurasa mzima wa albamu, na ya kioo ipigeni kwa kamera kutoka mbele, taa zikitoka pembeni ili kioo kisimulike. Kuandika nyuma ya picha ni penseli laini, pembezoni, picha ikiwa imelala juu ya kitu kigumu. Kalamu ya wino inagandamiza na kupenya mbele. Na picha za kuchapa kwenye karatasi ya Wino zitumwe kama faili, siyo kama picha za WhatsApp, maana zikipita huko hupunguzwa ukubwa na mtabaki mnaulizana kwa nini sura zimevurugika.